Vigelegele vya Krismasi Ihanja

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Sisi wazima, na mtama umeshaota.

Unauliza kwa nini hapa Ihanja tunapiga vigelegele kanisani siku ya Krismasi. Enzi za Mwingereza, mchungaji wetu Mzungu alivikataza kabisa. Asubuhi ya Krismasi akasoma kwamba mtoto amezaliwa, nasi tukakaa kimya. Mama yangu, aliyekuwa mkunga, akasimama.

"Mchungaji, kwetu mtoto akizaliwa mzima tunapiga vigelegele. Tukinyamaza, ujue amezaliwa mfu. Sasa huyu wako ni mzima?"

Niliinama kwa aibu, nikijua tutafukuzwa. Mchungaji akafungua tena kitabu, akasoma upya: "Mtoto amezaliwa." Kisha akatulia, akitungoja.

Kanisa lilitikisika, Neema! Aliyeanza ni mimi, na mpaka leo sijanyamaza.

Bibi yako