Nilimwonyesha mkono tu

Butembo, Jumatano jioni. Ukungu haukuondoka mpaka saa sita, halafu ikaja mvua. Niko kitandani, naandika kwa kidole gumba cha kushoto. Cha kulia kimekataa.

Nimechoka. Siyo ule uchovu wa kulala ukaisha. Huu ni wa kuamka nao.

Kwa wale wasionijua (ni karibu wote, na ndivyo ninavyopenda): niko sixième, mwaka wa mwisho wa sekondari. Nina sclérose en plaques, ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ilibidi tufike Kampala ndipo wakanipiga picha ya kichwa na kuupa jina. Mtaani wana jina lao: wanasema nilipewa sumu. Ugonjwa umeshika mkono wangu wa kulia. Kalamu inaniponyoka, mistari inapanda na kushuka kama barabara zetu.

Na mwezi ujao kuna dissertation ya examen d'État, insha ya mtihani wa taifa, ya kuandika kwa mkono.

Préfet, mkuu wetu wa shule, ameniambia kwa upole kwamba anaweza kuniombea mtu wa kuniandikia. Mimi niseme, yeye aandike. Nimpe jibu keshokutwa.

Kila mtu anaona ni neema. Mimi naona hofu. Hata kuitika « présente » darasani sauti inanikwama. Nitasemaje mawazo yangu mbele ya mtu nisiyemjua, sentensi kwa sentensi, yeye akinitazama mdomo? Kwenye karatasi ndiko ninakoongea. Sina mahali pengine.

Ndiyo maana nina kiné, fundi wa kurudishia viungo nguvu. Anatumika (anafanya kazi) hospitalini Beni. Siku hizi barabara ya Beni siyo ya kujiendea tu, kuna waasi, basi tunaonana kwa video.

Tunaonana... hapana. Yeye anaona mkono wangu. Simu naiegemeza kwenye sufuria, kamera inatazama meza na vidole, basi. Alipoomba kuniona mzima mara ya kwanza, nikasema kamera ina shida. Aliniamini, au alijifanya.

Na kwa kuwa uani kuna binamu zangu wanaopenda kuchungulia, mazoezi nafanyia jikoni kwa Koko, bibi yangu ninayekaa naye. Ni kibanda cha mbao, mlango unafungika. Nahamisha maharage toka sahani moja hadi nyingine, punje kwa punje. Nainua chupa ya maji. Nakunja soksi. Kila mara naanza vizuri, halafu hatujafika nusu vidole vinalegea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Majuma yamepita hivyo. Koko, ambaye huniita Mama, ananicheka: « Mama, ile maharage utaihamisha mpaka iote. »

Leo kiné alinisimamisha katikati ya maharage. 

« Masika, » akasema, « mi naona mukono tu. Mukono haitumikake peke yake, iko na mwenyewe. Rudisha telefone nyuma, nikuone muzima. »

« Docteur, kamera... »

« Kamera iko muzuri. Ni weye unajificha. Niko na babinti batatu ku nyumba, naijua ile. »

Nikairudisha.  Nikamwona anasogeza uso karibu na simu yake. Lakini hakunitazama mimi. Nilikuwa nimejiandaa bure.

« Nyuma yako ni nini inawaka? »

« Ni mbabula ya Koko. Iko na sombe. » Jiko la makaa, na majani ya muhogo juu yake.

« Na mulango unafungaka? »

« Ndiyo, docteur. »

« Eh, Mungu wangu! Donc mi niko hapa najiuliza ni zoezi gani nimekosea, kumbe unajipika pamoja na sombe! Angalia jasho. Joto ikipanda, mishipa yako inachoka. Ugonjwa yako njo iko vile. »

Nikakumbuka Beni, kwa mama yangu. Kule joto la mchana lilikuwa linaniangusha, nikirudi huku kwenye baridi napata nafuu. Tulisema ni hewa ya kwetu. Hakuna aliyenieleza, na mimi sikuuliza. Kuuliza kunanichosha kuliko maharage.

« Toka nje, » akasema. « Sasa hivi. »

Nikatoka na simu na sahani. Mvua ilikuwa imekatika, benchi limelowa. Binamu zangu wote walikuwa pale, bila shaka. Kanyere, mkubwa wao, akaja kuchungulia kioo cha simu.

« Ah! Kumbe ni docteur wa kweli? Sisi tulisema ule mulango unafungiaka muchumba! »

Wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Kiné naye alisikia, akacheka kule Beni. Nilitamani ardhi ipasuke.

Haikupasuka. Nikahamisha maharage mbele yao. Vidole vililegea, ndiyo, lakini vilichelewa. Kiné akaniambia niandike chochote. Niliandika mistari michache. Wa mwisho umepinda, ila unasomeka. Kanyere aliusoma kwa sauti, bila kuombwa.

« Sikuahidi kitu, » kiné akasema. « Mwezi ni mufupi. Lakini tutumike inje, asubui, na baridi. Na ku mutihani uombe kiti karibu na dirisha, na kupumuzika katikati. »

Uombe. Amelisema kama kitu chepesi.

Sasa nimelala hapa, mgongo unauma, na jibu langu kwa préfet limebadilika. Siyo ndiyo, siyo hapana. Kiti cha dirishani. Kupumzika. Kalamu nishike mwenyewe, na mkono ukikataa kabisa, ndipo huyo mtu aitwe. Haya yote lazima yatoke mdomoni mwangu, ndani ya bureau, ofisini kwake, nimesimama.

Nimejaribu kuyasema polepole, nikitazama ukuta. Koko akaita toka chumba cha pili:

« Mama, unaongea na nani? »

« Na préfet, Koko. »

Nikasikia kitanda chake kikilia.

« Basi pandisha sauti. Hapo hakusikii. »

Nimeanza tena, toka mwanzo.