Magoti Handakini

Yokokawa, Novemba 1912

Kaka Tokuji,

Hapa hatujambo. Figili nimeshazianika, na tangu treni za umeme zianze kupanda mlima, nguo zangu zinakauka bila masizi.

Shemeji yako Yasaku naye mzima, ila akiingiza treni kwenye handaki la mlimani bado hufunga kitambaa kilicholowa maji mdomoni na kupiga magoti, kama ulivyomfundisha enzi za treni za makaa, mlipokuwa mkikwepa moshi na kutafuta hewa sakafuni. Nilimcheka. Akanijibu, "Mke wangu, magoti haya ndiyo yaliyokubakizia mume."

Juzi alipiga magoti hivyo hivyo, asione bendera nyekundu wala mkia wa treni iliyosimama mbele. Msaidizi wake, Kinpei, ndiye aliyerukia breki. Akamwuliza, "Mzee, unaendesha au unasali?" Wakubwa hawajaambiwa.

Zamani nilikuwa naona moshi ukitoka mlimani, nikajua amepita salama. Sasa mlima hautoi kitu. Leo yuko zamu, nami nimekaa mlangoni nautazama tu.

Mimi hanisikii. Wewe ndiye uliyemwambia apige magoti. Tafadhali kaka, mwandikie asimame.

Mdogo wako,
Oriku