Neno Nililolielewa kwa Bi Karmena

Bellevue, Johannesburg

Shikamoo Bibi,

Barua hii usimpe mtu akusomee. Vaa miwani usome mwenyewe. Kuna jambo sijamwambia mtu. Bi Karmena, yule mgonjwa ambaye Mama alikuwa anamuuguza Randburg, aliomba kitu siku anakata roho. Nilimwelewa, nikajifanya sikumwelewa.

Goti lako vipi? Sisi wazima. Baridi imeanza.

Kila Jumamosi nilikuwa nafuatana na Mama kazini. Bi Karmena alikuwa Mkatoliki wa kisiwa cha Malta, na ugonjwa ulimfutia Kiingereza chote, kikabaki Kimalta. Siku ya kwanza nilimsikia akiita "Alla, Alla," nikadhani ni Mwislamu mwenzetu. Binti yake alicheka mpaka akakaa chini. "Kwaresima kwetu ni Randan," akaniambia, "na Pasaka ni Għid, kama Ramadhani na Idi zenu. Zamani Waarabu walitutawala. Tukawa Wakristo, maneno yakabaki yale yale."

Basi nikawa namsikiliza, naokota maneno ya madrasa humo humo. Mama akinitania, "Haya mkalimani, leo kasemaje?" naona haya, nasema sijui.

Jumamosi ya mwisho Mama alikwenda mara moja duka la dawa. Bi Karmena akanishika mkono. "Qassis," akasema. "Qassis." Kasisi, Bibi. Namba ya padri ilikuwa imebandikwa kwenye friji. Nilisimama pale na simu mkononi. Shuleni wananicheka Kiingereza changu, nikaona haya kuongea na mtu nisiyemjua. Nikajiambia Mama yuko njiani. Nikampelekea maji. Akageuza uso.

Mama aliporudi, mwenzetu alishafariki.

Kwenye mazishi binti yake alinikumbatia. "Inaniuma hakupata padri. Lakini mngejuaje? Kimalta hapa nani angekielewa?"

Nikasema, "Ndiyo, anti."

Sijalia. Nakula, naenda shule, hesabu napata. Ni kama anafanya mtu mwingine. Ila Mama kila siku anarudia, "Ningekuwepo mimi, ningejua anataka nini," na mimi nakunja nguo tu.

Nisalimie Mjomba fundi baiskeli, na Shangazi mkunga, na yule mdogo wangu anayeanza shule.

Mjukuu wako,
Mwanahamisi

Bibi, hatua za Mama hizo, koridoni. Tangu juzi akija naifunika barua hii na daftari la jiografia. Leo nimeiacha mezani, upande wenye maandishi juu, nami nimekaa hapa hapa.