Sauti ya Kiluhya kwenye Simu

Nekesa mjukuu wangu,

Huku Thika tunasukuma siku, na shangazi yako amerudi kazi ya kiwandani. Umeniuliza, kwa ule utafiti wako wa chuo, wakati wa korona tulijuaje ujumbe gani ni wa kweli.

Hatukujua. Kwenye simu ilikuja sauti ya mama mmoja akisema kwa Kiluhya kwamba anayekohoa ajifukize mwarobaini, asiende hospitali. Sisi tuliohamia huku, mtu akiongea lugha ya nyumbani hatumuulizi ametoa wapi habari. Nikamwekea babu yako asikilize. Alikaa chini ya blanketi siku nne, nikimwongezea maji moto. Ya tano hakuamka.

Usiandike kwamba aliamini simu. Alicheka hiyo simu. Aliniamini mimi.

Kukhu wako, bibi yako