Asali Niliyompelekea Bwana Kapteni

Ihanja,
Singida.
7 Agosti 1955

Mpendwa kaka Bonifasi,

Shikamoo kaka. Habari za Tabora? Wifi Martina hajambo? Na watoto, kile kikohozi kimewaacha? Huku tunapumua. Mama hajambo, ila macho yanazidi kufifia, na kila jioni anauliza kama treni imekuleta. Shemeji yako Alute ni mzima, anapura uwele. Raheli amejifungua mtoto wa kike, wamempa jina la mama. Stefano anachunga, ng'ombe wazima, ila yule mwekundu amekatika maziwa. Wote wanakusalimu sana. Asiye na amani ni mimi tu.

Kaka, ni habari ya mwanangu Isaka. Unajua yuko shule kule mjini, na wanafundishwa gwaride kama askari, wanaitwa makadeti. Sasa wameweka Baraza la Vijana. Kila kikosi kinachagua kijana mmoja, akae na Bwana Kapteni, yule Mzungu wa gwaride, amwambie wenzake wanataka nini. Kikosi chao kimemchagua Isaka.

Mimi sielewi. Si mnyapara, maana hana fimbo wala hatoi amri. Hata kofia hajapewa. Mtu aliyechaguliwa na wadogo akaseme na mkubwa, huyo ni wa nani?

Halafu Gasto, utingo wa lori, akashuka hapa barabarani akipiga kelele, "Mama Isaka, mwanao kamjibu Mzungu!" Nikamwuliza kulikoni. Kumbe vijana walikuwa wanapiga gwaride jua la utosi, miguu mitupu, hadi mwenzao mmoja, Kefa, akaanguka. Isaka akasema barazani kwamba wanaomba gwaride liwe asubuhi.

Nikafanya ya kwetu. Unajua mtoto akimkosea mkubwa, mzazi hasemi mengi, anapeleka asali. Nikachukua kibuyu cha asali nyeupe, nikapanda lori. Bwana Kapteni sikumkuta. Nikamwachia mpishi wake, nikasema mama yake Isaka anaomba radhi kwa maneno ya mwanawe.

Kaka, nimeharibu. Bwana Kapteni alipoambiwa, akauliza mbele ya vijana wote kama Isaka ameyafuta maneno yake. Vijana wakadhani ni Isaka aliyenituma. Sasa wanamwita Bwana Asali, na wanataka kumtoa barazani. Lile ombi la gwaride limelala, na jua ndilo hilo hilo.

Jumamosi alikuja nyumbani, hata uji hakuugusa.

"Mama, umeniombea radhi kwa kosa gani?"

"Kumjibu mkubwa."

"Sikumjibu. Aliuliza."

"Alikuuliza wewe?"

"Aliwauliza makadeti wote. Mimi ndio mdomo wao."

"Na wa kwako uko wapi, mbona haunywi uji?"

Akacheka bila kutaka, kisha akageuka ukutani akalia. Mtoto mwenye ndevu, kaka! Baba yake ndiyo kwanza akanicheka, eti mdomo wa watoto wa watu nimeuziba kwa asali.

Sasa Isaka ananiomba niende barazani mwisho wa mwezi huu, nisimame mbele ya wote, niseme radhi ilikuwa yangu na si yake, nikichukue kibuyu changu. Anasema hakijafunguliwa, kipo juu ya meza ya Bwana Kapteni. Lakini wewe unajua, kwetu ukirudisha asali ya radhi nyumbani umetangaza ugomvi. Nikiichukua, nimegombana na Mzungu na mwanangu atafukuzwa shule. Nikiiacha, hatakuwa na neno tena mbele ya wenzake. Usiku kucha nageuka tu kitandani.

Wewe ulikuwa askari, umekula nao na kulala nao vitani. Je, Wazungu nao wanahesabu asali kama sisi? Au kwao ni chakula tu?

Msalimie wifi Martina, na Damari, na mzee Laurian mwambie ndugu zake wa Mkiwa wazima. Mungu awafunike ninyi nyote kwa mkono wake, asiwapungukie.

Mimi dada yako anayekupenda siku zote,
Yustina

Kaka, jibu upesi, mpe yeyote anayepanda treni ya Itigi, malori ya huku yatanifikishia. Barua isipowahi nitakwenda tu, maana nimeshamwahidi mtoto. Ila niandikie nikishika kile kibuyu niseme nini.