Utupa Katika Bwawa la Bwana Samaki

Njombe,
9 Agosti 1954

Kwa kaka yangu mpenzi Manase,

Kamwene, kaka. Natumaini mkonge haujakumaliza mikono na homa ya huko Korogwe imekuachia. Sisi tu wazima wa mwili, ingawa baridi ya mwaka huu imeunguza hata viazi shambani. Mama anakusalimu na anauliza kama bado unasali. Blanketi tulilipokea Makambako kwa yule dereva wa lori, ahsante sana.

Najua barua ya mchungaji ilikuambia tu kwamba shemeji yetu Kornelio amefariki. Mengine nakuandikia mimi.

Tangu mwaka jana nafanya kazi kwa Bwana Samaki, Mzungu mtafiti wa chuo kikuu. Wazungu wenzake walimwaga samaki wa Ulaya mtoni kwetu ili wavue siku za mapumziko, na hao wakawala samaki wetu wadogo mpaka wakakaribia kwisha. Yeye akachimbisha bwawa, akaweka humo mia mbili aliowapata ili wazaane. Alisema hawapatikani penginepo duniani. Nilicheka, maana kwetu ni kitoweo cha watoto. Kazi yangu ilikuwa kuwavua kila mwezi, kuwapima kwa rula na kuandika daftarini.

Mwezi uliopita, siku ya kupima, samaki wote walikutwa wanaelea matumbo juu. Bwana Samaki alikaa kwenye tope akalia mbele ya watu. Jumbe aliona aibu, akatuma matarishi wamtafute mwenye utupa. Nani hana utupa, kaka? Kila nyumba ina kichaka chake cha kutwanga na kulewesha samaki siku za kuvua mtoni. Lakini Kornelio alikuwa amelalamika barazani kwamba bwawa lile limekula vinyungu vyake, bustani zake za bondeni. Hiyo ikawatosha.

Walimfunga kwenye mkaratusi. Jumbe akaniambia mimi, mlinzi wa bwawa, nianze, nionyeshe kwamba sikula njama na shemeji yangu. Nilipiga taratibu. Jumbe akasema hiyo ni fimbo ya kufukuzia kuku, basi nikapiga kwa nguvu, na ubavu ukavunjika nikausikia. Kisha matarishi wakaendelea, na watu waliokuja kutazama tu wakaingia na mateke. Jicho lake la kushoto lilipasuka. Alirudia kusema hakutia kitu mpaka kinywa kikajaa damu. Bwana Samaki alipofika kukataza, walikuwa wamekwisha kuchoka. Kornelio alikojoa damu siku tatu, ya nne akafa. Jumbe amepeleka habari bomani kwamba ni kichomi.

Kaka, aliyetia utupa ni mimi. Asubuhi ile maji yalikuwa na barafu pembeni, nikaogopa kuingia na wavu. Nikafuata desturi yetu ya mtoni: ukitia kidogo samaki hulewa, unaokota unaowataka, na waliobaki huchukuliwa na maji safi wakazinduka. Nikasema nitawapima wakiwa wamelewa, halafu wataamka. Sikufikiri kwamba maji ya bwawa hayaendi popote. Na nilipoishika fimbo nilijua, kaka. Nilinyamaza kwa kuogopa kufungwa mahali pake. Najichukia.

Juzi nilimwambia dada Yudita. Alinipiga mdomoni kwa mchi, meno mawili yakatoka, na sikuinua mkono kujikinga. Nikamwambia nakwenda bomani kujieleza. Akajibu kwamba gerezani nitalishwa bure, na watoto wanne wa Kornelio watalishwa na nani? Akaniletea jembe la marehemu. Amesema nitalima mpaka mtoto wa mwisho aweze kulishika, ndipo niende nikafungwe. Ameniamuru nikuandikie wewe mkubwa wetu, useme kama unaikubali hukumu yake. Mimi nimeikubali.

Huyo mtoto wa mwisho bado ananyonya.

Wasalimie Wabena wote wa kambini. Ukija nyumbani, mpe mkono Yudita kwanza. Mimi usinipe mpaka yeye akuruhusu.

Ndimi mdogo wako,
Anania