Moto wa Kuazima

Mamba, Moshi
8 Julai 1951

Kaka yangu Gidioni,

Shikamoo. Usinikasirikie kwa kukaa kimya tangu Pasaka. Barua yako ilifika, nikaisoma, nikaiweka kwenye kikapu cha nguo za mtoto, na kila nikiiona naona haya. Natumaini mikono yako imepona ule upele wa wino, na kwamba joto la Tanga halijakumaliza. Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu ni ya kweli, ukungu unalala migombani mpaka asubuhi inakwisha.

Nimejifungua salama, mtoto wa kike. Yule wa kwanza alichukua jina la mama mkwe, sasa ni zamu ya kwetu, kwa hiyo huyu anaitwa Ruth kama mama. Nikimwita, moyo unashtuka kidogo. Sijazoea kumwambia Ruth anyamaze.

Haya, hadithi. Unasema hapo kwenye kiwanda cha chapa msimamizi wako ametenga kurasa katika kitabu cha kusomea cha shule, na wewe ukamwambia dada yako ataandika ile hadithi ya mama, ya mtoto aliyetumwa kuazima moto. Na wataanza kupanga herufi mwisho wa Septemba. Umewaahidi watu kwa kinywa changu bila kuniuliza. Lakini nimekubali. Mama ameondoka duniani, hakuna aliyeiandika, tuliobaki nayo ni mimi na wewe tu. Ruth asipoikuta kwenye karatasi hataikuta popote.

Nafasi yangu ni sasa. Unajua mzazi huku hashiki kazi miezi mitatu. Nakaa ndani, naletewa mtori, nanenepeshwa kama ng'ombe wa zizini. Nikitoka nitakuta kahawa imeiva, na kalamu sitaiona tena. Basi nakaa, naandika, "Hapo zamani moto ulizimika," halafu hakuna kitu. Sauti ya mama naisikia kabisa, ila nikiiweka kwenye karatasi inakufa. Zile karatasi ulizonitumia zimeishia jikoni. Mama mkwe ananiambia, "Mtori ule ni wa maziwa, si wa wino."

Wewe unashinda na vitabu. Watu huwa wanaanzaje?

Mdogo wako,
Elinipendo


Tanga
21 Julai 1951

Mdogo wangu Elinipendo,

Marahaba, na pole kwa uzazi. Nimefurahi sana kwa Ruth. Hapa kazini nimewaambia wote nimepata mama mpya, wakanicheka. Mikono imepona. Joto ni lile lile, wakati mwingine naota nimefunga dirisha kwa ajili ya baridi, nikiamka nimelowa jasho.

Nisikilize. Usianze na sentensi ya kwanza. Mimi nikipanga herufi za madini ya risasi, naanza kwa kujua ukurasa utaishia wapi. Hadithi nayo ipangie njia kwanza, nyumba kwa nyumba, maneno yatafuata. Ninavyoikumbuka ni hivi.

Ni masika, moto umezimika jikoni, na mama wa yule mtoto ni mgonjwa, yuko kitandani anatetemeka. Anampa mtoto kigae cha chungu, akaazime kaa la moto. Nyumba ya kwanza watu wanagombana, hakuna anayemsikia akibisha. Nyumba ya pili wanampa kaa, mvua inalizima njiani. Nyumba ya tatu iko juu kabisa, ukingoni mwa msitu, kwa bibi anayeishi peke yake. Bibi ana moto mkubwa. Anamwambia, "Chukua kaa uende, au ukitaka baki, hapa kuna joto." Hapo mama yetu alikuwa anasimamisha hewani kisu chake cha kukatia migomba na kutuuliza, "Sasa aende wapi?" Unakumbuka?

Basi mtoto anakataa kubaki. Anafukia kaa ndani ya samadi kavu ili mvua isilipate, anafika nyumbani, moto unawaka, mama anapona. Imekwisha. Kuna nini kigumu hapo? Na msimamizi anapenda hadithi iishe kwa fundisho, kwa hiyo ongeza mstari mmoja juu ya utii.

Kaka yako,
Gidioni


Mamba, Moshi
10 Agosti 1951

Kaka Gidioni,

Shikamoo. Habari za huko? Huku wazima. Ruth ananyonya kama anadai, na mimi nasinzia nimekaa.

Ushauri wako wa nyumba kwa nyumba umenisaidia, nitakueleza. Lakini mwisho wako si wa kweli. Mtoto hakurudi. Alibaki kwa bibi, na kila asubuhi alipowasha moto, mama yake kule chini aliona moshi unapanda juu ya miti, akasema, "Mwanangu ni mzima." Nakumbuka mpaka mama alivyokuwa anaonyesha kwa kidole. Nilikuwa macho. Wewe ulikuwa umesinzia, kichwa kimeegemea ndoo ya maziwa.

Sasa sikia nilivyofunguka. Niliwaza, mama hakusimulia hata siku moja mikono ikiwa mitupu. Alikuwa anakatakata migomba ya ng'ombe, kisu kinashuka na neno linashuka. Mimi nimekaa na karatasi kama karani, hadithi itanijuaje? Basi mama mkwe alipoenda sokoni nilichukua kisu na kipande cha mgomba, nikaanza kukata huku nasema kwa sauti. Kaka, ilikuja. Nyumba ya kwanza na ugomvi wake wote. Nyumba ya pili na mvua. Sikumsikia mama mkwe aliyekuwa amerudi kufuata kikapu.

"Unafanya nini?"

"Naandika, mama."

"Kwa kisu?"

Nikakificha kisu nyuma ya mgongo.

"Jirani akipita hapa atasema nini? Atasema kwa mwanangu Elisaria mzazi anakatia ng'ombe chakula. Sokoni nitapitia mlango gani mimi?"

Akaninyang'anya kisu, akaenda zake. Nikajua imekwisha. Baadaye akarudi na ungo wa maharage, akaubwaga mapajani mwangu.

"Chambua haya. Kuchambua si kazi, ni kuchezacheza vidole. Na uendelee. Wale wa nyumba ya kwanza walikuwa wanagombea nini?"

Tangu siku hiyo tunachambua. Yanapokwisha anayachanganya tena na mawe, haoni aibu. Mimi nasimulia, mtoto akilala naandika niliyoyasema. Sasa nimefika mlangoni kwa bibi na hapo nimekwama, kwa sababu siwezi kumtia mama kinywani maneno ambayo hakuyasema. Kumbuka vizuri, tafadhali. Na hilo la utii sitaliandika. Mama hakuwahi kutufungia hadithi kwa kiboko.

Mdogo wako,
Elinipendo


Mamba, Moshi
9 Septemba 1951

Kaka,

Shikamoo. Hujanijibu. Kama unaumwa, mtafute mtu aandike hata salamu tu. Kama umekasirika kwa ajili ya ile ndoo ya maziwa, nisamehe, nilikuwa sijalala.

Baba alikuja kumwona Ruth. Alimshika mkononi, akasema ana paji la uso la mama. Nilipompa pombe ya mbege akatulia, nikamwuliza kati yangu na wewe nani anakumbuka vizuri. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mnagombania nini? Wote mko sawa."

"Baba, mtoto alirudi au hakurudi?"

"Mwaka ule tulipokupeleka Kilema kwa shangazi yako, ulipokuja kutusalimu ulikuwa unalia hutaki kurudi kule. Ndipo mtoto akabaki kwa bibi na moshi ukaonekana. Gidioni naye alikuwa anaogopa kutumwa jioni. Kwake mtoto akarudi na kaa lake, hajaliwa na kitu."

"Kwa hiyo mwisho wenyewe ni upi?"

"Hakuwa nao. Mlidhani anawatega akiwauliza aende wapi? Alikuwa hajui. Alikuwa anawatazama usoni, ndipo anajua."

Nilikaa na ule ungo hata maharage siyaoni. Kaka, kumbe nilisumbuka kutafuta kitu ambacho hakikupotea. Nimekumbuka na mengine: ule uvundo mtamu wa mgomba uliokatwa, moshi machoni, ng'ombe wakipumua nyuma yetu ndani ya nyumba ile ile, na mama ameinua kisu anatungoja. Nilidhani ananyamaza ili tuogope. Kumbe alikuwa anatusoma.

Lakini sasa ndiyo nimekwama zaidi. Ruth hana uso wa kusoma bado, analala tu. Nimwandikie mwisho gani? Siku zangu za kukaa ndani zinakwisha, kahawa ya chini imeshaanza kuwa nyekundu. Nijibu.

Mdogo wako,
Elinipendo


Tanga
16 Septemba 1951

Elinipendo,

Siumwi. Nilikasirika kidogo, na ile hasira ilipoisha nikabaki na jambo jingine lililonizuia kushika kalamu.

Unakumbuka siku nilipoondoka mama alinisindikiza mpaka Moshi stesheni. Wewe ulibaki na baba. Tuliteremka kwa miguu, mimi na sanduku begani, mtu mzima mwenye ndevu, na mama akaanza ile hadithi. Nikamwambia, "Mama, watu wanatusikia." Akasema, "Wasikie." Safari hii mtoto alikuwa kijana, na nyumba ya tatu haikuwa msituni, ilikuwa mbali chini huko, kunakotoka joto. Alisimulia polepole, nadhani alikuwa anaipima na njia. Tulipofika stesheni kijana alikuwa mlangoni. Mama hakuwa na kisu, akainua mkono mtupu. Akaniuliza, "Sasa aende wapi?"

Treni ikapiga filimbi. Nikasema, "Nitakujibu likizo," nikapanda.

Unajua yaliyofuata. Likizo ya kwanza nilibaki kwa sababu ya kazi, ya pili kwa uvivu, na simu ya kifo ilinikuta mazishi yamekwisha. Sijakanyaga huko tangu siku ile. Ndiyo maana nilishikilia kwamba mtoto alirudi. Niliuhitaji mwisho ule.

Andika unavyoona wewe. Msimamizi nitazungumza naye. Ila herufi zinapangwa wiki ijayo, usichelewe.

Kaka yako,
Gidioni


Mamba, Moshi
22 Septemba 1951

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama nje, kwenye jua, maana jana nilitolewa ndani. Nimepakwa mafuta, nimevikwa kitenge kipya, nimepitishwa sokoni wanawake wakanishangilia. Mama mkwe alitembea mbele kama aliyenizaa yeye. Kesho naanza kuchuma kahawa.

Hadithi iko ndani ya bahasha hii, imekwisha. Nimeiandika mpaka mlangoni kwa bibi. Bibi anasema chukua kaa uende, au baki, hapa kuna joto. Chini yake nimeandika, "Sasa aende wapi?" Na hapo nimeweka kalamu chini. Msimamizi akisema ukurasa umekatika, mwambie haukukatika. Mwalimu akiusoma darasani atainua mkono awangoje watoto, na kila mmoja atasema lake. Mama alifanya hivyo na sisi tukakua.

Mama mkwe alipoona nimeishia hapo alinuna. "Miezi mitatu nakulisha, unaniacha mlangoni?" Jioni, akifunga ng'ombe, akasema bila kunitazama, "Amchukue bibi waende naye. Bibi peke yake msituni anafanya nini?" Hilo mama yetu hakulifikiria kamwe.

Nami nina daftari la Ruth, si la shule, la nyumbani. Humo nimenakili hadithi, na chini ya swali naandika majibu ya watu wake na jina la kila mmoja. Baba kasema lake. Mume wangu Elisaria amesema mtoto angevaa koti, nimeandika hivyo hivyo. Langu ni la moshi, kama zamani. Kuna mstari mmoja nimeuacha mtupu.

Kaka, usijilaumu mpaka ukonde. Mama hakukuuliza ili umrudishie ndiyo au hapana. Alikuwa anautazama uso wako, na nadhani aliuona. Kile chumba chako cha nyuma tunaweka mbegu za maharage, lakini kitanda kipo.

Nimalizie, Ruth ameamka. Vitu ninavyohitaji bado ni hivi: nibu mbili za kalamu, zile nyembamba. Wino wa unga, wa bluu. Daftari moja la mistari mipana, macho yangu yamechoka. Nakala moja ya kitabu kikitoka, uandike jina la Ruth ndani. Nakala nyingine ya mama mkwe, hajui kusoma lakini ameitaka na amesema iwe mpya. Sabuni ya kufulia, ya kipande, huku imeadimika. Na jibu lako la stesheni, mstari mmoja tu.

Mdogo wako,
Elinipendo